Ukuta wa mawe Hodge Hill: waliziba njia ya maji, nami nikasema "pamependeza"

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeamua kuandika. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kwa siku tisa nilikuwa napata usingizi wa kuibia ibia kwa sababu ya swali moja tu. Ule mstari wa mwisho wa mawe, pale chini kabisa ukutani, utakuja kuozesha chumba cha bibi wa watu? Na kama utaozesha, mbona niliuona kwa macho yangu nikasifia?

Nitaandika mafungu mafupi, maana niko library na kompyuta inanipa saa moja.

Kwanza mnijue. Mimi ni binti wa Kitanzania, nilimaliza digrii ya mambo ya majengo hapa Birmingham mwaka 2006. Naishi Selly Oak, kwenye nyumba ya kupanga iliyojaa wanafunzi, ingawa mimi si mwanafunzi tena. Nina kazi ya nusu siku kwenye ofisi ndogo ya kupima majengo. Nashika ncha ya pili ya futikamba na kuandika namba. Basi, hiyo ndiyo kazi.

Dada yangu ananiita Mama Itakuwaje. Email ya mistari mitatu naisoma mara kumi kabla ya kuituma. Nikishaituma naifungua tena, nione kama sijamtukana mtu bila kujua.

Jumapili nasali Hodge Hill na Wakongo na Wakenya, kwenye ukumbi wa kukodi. Hapo ndipo nilipopewa cheo nisichokistahili: Injinia. Mimi si injinia, na nimewaambia hivyo mara nyingi. Wakongo wanacheka, wanasema injinia wetu ni mnyenyekevu.

Sasa, kuna mama mmoja pale, Mama Riziki. Ni mtu wa Goma, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mama yake mzazi alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma miaka mingi, na mwaka 2007 karatasi zake za kuja huku zikakubaliwa. Sote tulimwita Koko, yaani bibi, kabla hata hajafika. Koko hawezi kupanda ngazi, na kifua chake ni kibovu. Akikohoa kwenye simu, Mama Riziki anaisogeza simu mbali na sikio na kufumba macho.

Kwa hiyo nyumba ya Mama Riziki, hapohapo Hodge Hill, ikaongezewa chumba ubavuni, chini. Mafundi wa hapa walisimamisha fremu ya mbao, wakaweka paa, dirisha na mlango, wakaondoka. Upande wa nje wa ukuta tukaachiwa sisi wa kanisani.

Mama Riziki alitaka mawe. Si matofali, si rangi. Goma kuna mawe meusi ya volkano, na nyumba ya mawe ndiyo nyumba. Alitaka mama yake akishuka kwenye gari aweke mkono juu ya jiwe.

Mawe yenyewe ni vipande vyembamba, unene wa vidole viwili hivi, vya kubandika. Kwa mbali huwezi kujua.

Fundi alikuwepo: Papa Déo. Mtu wa makamo, mwashi wa Goma wa miaka thelathini, siku hizi anaendesha forklift ghalani. Nikimwamkia shikamoo ananijibu bonjour. Akiweka jiwe, pimamaji inakuja kuhakikisha tu, kazi imeshakwisha.

Mimi niliombwa nichore ukuta utakavyojengwa.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana bila kipande hiki uzi hautaeleweka.

Jiwe la kubandika halizuii maji. Watu hawaamini, lakini ndivyo ilivyo. Mvua ya huku haishuki wima, upepo unaisukuma kwa ubavu, inapenya kwenye maungio ya mawe na pembeni mwa dirisha. Nyuma ya mawe kutakuwa na maji, upende usipende.

Halafu kuna maji ya ndani. Pumzi za watu, sufuria jikoni, nguo zilizoanikwa juu ya radiator. Mvuke wote huo unatafuta pa kutokea, ukikutana na ubaridi ndani ya ukuta unageuka matone.

Nyumbani Dar ukuta ukilowa asubuhi, mchana jua limeshaukausha. Huku kuanzia Novemba hadi Machi jua ni la kuangalia tu. Kinacholowa kinabaki kimelowa. Na ikifika siku ya kuganda, maji yaliyonaswa yanakuwa barafu, yanavimba, yanasukuma jiwe mpaka linabanduka. Nyuma yake mbao zinaoza polepole, na ndani unaanza kuona ukungu mweusi pembeni mwa kitanda.

Kwa hiyo huhangaiki kuyazuia maji yasiingie kabisa. Unayapa njia ya kushuka, na unaipa hewa njia ya kupita.

Mchoro wangu ulikuwa hivi. Upande wa ndani, nyuma ya gypsum, plastiki ya kuzuia mvuke wa chumbani usiingie ukutani. Kisha fremu yenye sufi ya kutunza joto, kisha plywood. Juu ya plywood karatasi mbili za kukinga maji ambazo bado zinapumua. Juu yake fito za wima, ili pabaki nafasi tupu ya hewa. Juu ya fito bodi ya saruji, na mawe yanabandikwa kwenye hiyo bodi. Juu ya dirisha bati dogo la kutupa maji nje.

Na jambo la mwisho: mawe yasifike chini. Yaishie sentimita kumi na tano juu ya ardhi, na pale chini nafasi iachwe wazi, na wavu mdogo wa kuzuia panya. Juu kabisa, chini ya paa, iachwe wazi vilevile. Maji yanatokea chini, hewa inaingia chini na kutokea juu.

Kuna mkuu atauliza kwa nini tusingepaka dawa ya kuzuia maji juu ya mawe tukamaliza. Dawa inaisha, maji yanapenya kwenye ufa wowote, na yakishaingia dawa hiyo hiyo inayazuia kutoka. Nimesoma sana kuhusu hilo, kuliko ilivyohitajika.

Sasa kosa langu la kwanza. Mchoro ule niliuandika kwa Kiingereza, mishale kila upande, namba kila kona. Nikampa Papa Déo, nikamwelekeza kwa dakika tano: hapa hivi, hapa vile, hapa chini acha wazi. Sikumwambia KWA NINI. Ni rika la baba yangu, niliona aibu kuonekana namfundisha mawe mtu aliyezeeka na mawe.

Jumamosi mbili tulifanya kazi vizuri sana. Vijana wa kwaya walichanganya mota, yaani saruji na mchanga, akina mama walileta chai na mikate, Papa Déo akapandisha mawe. Mimi nilizunguka na mchoro mkononi. Karatasi mbili, sawa. Fito, sawa. Bati la dirisha, sawa.

Jumamosi ya tatu ofisi ikaniita kazini. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, nikaona hakuna tatizo.

Jumapili baada ya ibada tukaenda wote kuangalia. Mama Riziki alinishika mkono kama bibi harusi.

Wakuu, ukuta ulikuwa mzuri. Nasema ukweli. Halafu macho yangu yakashuka chini.

Walikuwa wameongeza mstari mmoja wa mawe. Mawe yalibaki, wakaona wasiyatupe. Wameyapanga kutoka pale nilipoacha wazi hadi ardhini, nyuma yake wameshindilia mota, maungio wameyalainisha kwa kidole. Nikainua macho: juu, chini ya paa, pamejazwa pia, ndege wasiingie.

Papa Déo alikuwa amesimama na suti yake, mikono nyuma.

"Ukuta yako ilikuwa inavaa suruali ya mufupi, injinia," akaniambia. "Tumeiongezea kitambaa."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Jiwe lazima ikanyage chini," akaendelea, sasa anawaambia vijana. "Jiwe yenye inaning'inia, ile si ukuta. Ile ni mapambo."

Nikamwelewa palepale. Goma jiwe ndilo ukuta wenyewe, linabeba nyumba, na lisipokanyaga chini nyumba inaanguka. Mwashi wa kwao akiacha uwazi chini ya mawe ni fundi mbovu, na watu watamtaja kwa hilo. Papa Déo hakufanya uzembe. Alininusuru na aibu, kwa jinsi alivyoiona yeye.

Mama Riziki akaniuliza, "Injinia, unaona aje?"

Watu kama ishirini wananitazama.

Nikasema, "Pamependeza sana, mama."

Hapo ndipo siku tisa zilipoanza.

Nilijitetea kwa kila namna. Labda mota yenyewe inanyonya maji kidogo kidogo. Labda mvua haitapiga upande ule. Labda mafundi wa hapa wanafanya hivyohivyo na nyumba zimesimama. Nikachapisha karatasi za utafiti library, nikapiga mistari kwa rangi tatu. Siku moja nilipanda basi namba 11, lile linalozunguka jiji zima, niende Hodge Hill kusema ukweli. Nikapita kituo nikiwa napanga sentensi ya kuanzia. Sikushuka. Nikazunguka Birmingham nzima nikarudi Selly Oak, na sentensi haijakamilika.

Ninayekaa naye, Wanjiru, Mkenya anayesomea unesi, alinikuta jikoni na karatasi zangu.

"Hizo ni za job?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"So unajua ukuta uko na shida."

"Nadhani. Sina uhakika."

"Sawa. Na nani anaweza kuwa na uhakika?"

"Mtu akifungua aangalie."

"Basi si uende ufungue, msichana? Wewe unangoja ukuta ukupigie simu?"

Akarudi kwenye chakula chake.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Jumanne, siku ya tisa, nilimwomba Mama Riziki ruhusa ya kupita kuangalia dirisha. Alikuwa kazini. Nilipiga magoti kwenye kona, kwenye ule mstari wa chini, nikaanza kuchokoa ungio moja kwa bisibisi. Mota ilikuwa bado laini kidogo. Nilichokoa kama robo saa.

Bisibisi ikazama, nikaichomoa.

Maji yakatoka. Si matone. Uzi mwembamba wa maji, ukateremka juu ya jiwe, ukaingia kwenye kiatu changu. Nilihesabu hadi mia bado yanatoka.

Nitawashangaza: nilipata ahueni. Kitu kilichokuwa kichwani mwangu peke yangu sasa kilikuwa kwenye soksi yangu.

Jioni nikaenda kwa Papa Déo. Nilimkuta anavaa buti za kazi.

"Papa Déo, nimekuja kukwambia nilikosea."

"Ulikosea nini, mutoto yangu?"

"Sikukueleza kwa nini pale chini paachwe wazi."

Akasikiliza, kamba ya buti mkononi. Nilipofika kwenye maji yaliyotoka, akanikatiza.

"Ile ni maji ya mota. Mota inakauka."

"Siku kumi, Papa?"

"Nilijenga makanisa tatu kule kwetu. Hakuna hata moja iliisha kuanguka. Weye ulijenga ngapi?"

"Hata moja."

"Voilà."

Nilitaka kuondoka, nawaambia kweli. Miguu ilishageuka. Lakini nikasema, "Kule jiwe ni mifupa, Papa. Hapa mifupa ni mbao, jiwe ni koti tu. Na sisi tumelishona koti hadi kwenye viatu, jasho halina pa kutokea."

Akamaliza kufunga buti moja, kisha ya pili.

"Baraka ya chumba ni siku ya posho," akasema, yaani Jumamosi. "Pasteur anakuja, bantu banakuja, watu yote ya kanisa. Koko anafika Alhamisi. Tubariki kwanza. Mwezi wa tatu, baridi ikiisha, nitakuja mimi peke yangu, nifungue pole pole. Hakuna mutu atajua."

Wakuu, kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jibu tamu kuliko yote. Kusubiri. Heshima yake inabaki, yangu inabaki. Nikamwambia nitafikiria.

Lakini Novemba ilikuwa mlangoni. Kuanzia hapo hadi Machi ndiyo miezi yenyewe ya kuganda, na ndiyo miezi ambayo Koko angelala na mgongo wake umeelekea ukuta ule.

Kesho yake nilimkuta Mama Riziki ameketi kwenye kitanda kipya cha Koko, anashona pindo la pazia. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakuniuliza habari za karatasi wala fito.

"Sema tu kweli. Chumba hii itamukohoza mama yangu?"

"Sasa hivi hapana, mama. Lakini tukiiacha hivi, itamkohoza. Siwezi kusema baridi hii au ijayo."

"Na siku ile ulisema imependeza."

"Niliogopa."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Donc, ulichagua tufurahi siku moja."

Nikatazama pindo la pazia.

"Bien. Weye njo injinia. Sema tufanye nini, na siku gani." "Njo" yao ni "ndiye" na "ndiyo" yetu.

"Naomba nifikirie hadi kesho."

"Hapana. Umeisha fikiri siku tisa."

Sijawahi kuulizwa hivyo maishani. Watu huniuliza naonaje, naanza kueleza upande huu na upande ule hadi wanachoka. Yeye alitaka kitendo na siku.

Nikasema, "Mstari wa chini wote unatoka. Juu panafunguliwa. Jumamosi asubuhi, kabla ya baraka. Koko asilale humu mpaka pakauke."

"Mbele ya bantu?"

"Tukisubiri waondoke nitaogopa tena."

Akarudi kwenye pazia lake. "Njo vile," akasema.

Alhamisi Koko akafika. Alitandikiwa sebuleni. Jiwe aliligusa, kwa kiganja kizima, akasema kitu kwa kilugha chao ambacho hakuna aliyenitafsiria.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa pale na nyundo na tindo, magoti juu ya gunia. Jiwe la kwanza lilipasuka vipande viwili.

Papa Déo alitokea saa nne na suti yake. Akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni, hakunisalimia. Muda mfupi baadaye akaingia Pastor, Mkenya, na watu wa kanisani na masufuria yao.

"Injinia," Pastor akasema, "tumekuja kubariki ama tumekuja demolition?"

Watu wakacheka, wakaacha walipoona sicheki.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba ukuta umezibwa pale maji yanapotakiwa kutokea. Kwamba waliofanya walifanya kwa upendo. Kwamba aliyejua ni mimi, nikanyamaza, kwa hiyo kosa ni langu. Sentensi tatu. Zile nilizoshindwa kupanga kwenye basi zima la namba 11.

Papa Déo ndiye aliyeongea wa kwanza, na hakuwa anawaambia wao.

"Usipige jiwe," akasema. "Piga mota. Chini yake, pembeni. Jiwe itatoka yenyewe."

Ndiyo yote aliyosema siku ile. Suti hakuvua.

Kwa wanaotaka kujua ilikuwaje: mstari ulitoka wote, nyuma yake mota ilikuwa imelowa kama sifongo, ila plywood tuliiwahi ikiwa salama. Wavu ulirudi, changarawe ikamwagwa chini ili mvua isiruke ukutani, juu pakafunguliwa. Koko alilala sebuleni wiki tano. Ofisi iliniazima kipimo cha unyevu, na sikumruhusu ahamie hadi kiliposoma vizuri siku tatu mfululizo. Sawa, siku sita.

Nililojifunza ni hili. Kama unajenga nchi ya baridi na unataka mawe ya kubandika, acha uwazi nyuma, acha wazi chini, acha wazi juu, na usiruhusu mtu aziangalie nafasi hizo kama kazi ambayo haijaisha. Mweleze kila anayeshika mwiko kwa nini zipo, kwa lugha yake, hata kama ana umri wa baba yako. Hasa akiwa na umri wa baba yako. Mchoro haujibu maswali siku ambayo wewe hupo.

Wakuu mliojenga huku ughaibuni, au Iringa, Njombe na kwingine kwenye baridi, nyie mnafanyaje pale chini ya mawe? Kuna anayeona nilimvunjia mzee heshima? Niambieni, nitasoma zote.

Ila kwa yule atakayesema ningengoja baraka ipite kwanza, jibu langu nilishalitoa siku ile. Nilipiga magoti tena kwenye gunia, Pastor na masufuria na suti zote nyuma yangu, nikaingiza tindo kwenye mota, chini, pembeni. Nikapiga mara tatu. Jiwe la pili likatoka zima, na maji yakaanza kushuka.